Mpira wa Mchangani na Chungu cha Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waandishi wa Kanda ya Kati

Ukurasa huu ni wa wanaoandika, wanaohariri na wanaosoma vitabu vya aina mbili ambavyo Dodoma na jirani zake wana utajiri wa kuvilisha: riwaya za kukumbuka soka la mchangani, na vitabu vya safari vinavyofuata chakula kutoka mnada hadi mnada. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lina mizizi. Mengine yanaisha kwa mistari miwili.

Kwa nini mnaviweka pamoja? Mpira na mapishi vinahusiana nini?

Vinakutana kando ya uwanja, pale mama anapouza karanga za kuchemsha na mihogo ya kukaanga huku jicho lake moja liko golini. Vinakutana pia kwenye ugonjwa. Kitabu cha aina hii kinapokufa, mara nyingi kimeuawa na mwandishi aliyetaja hamu yake badala ya kutaja kitu chenyewe. Ukiandika "zamani mpira ulikuwa mpira kweli", msomaji hajapata kitu. Mwandikie kwamba goli la upande wa shule lilikuwa na kamba ya katani badala ya mti wa juu, na kila shuti la juu lilizua ugomvi wa robo saa kwa sababu kamba ililegea katikati. Hapo hamu itamjia bila kuitwa. Chakula ni hivyohivyo. "Mlenda mtamu wa bibi" ni maneno matupu mpaka useme ulikuwa mkavu au mbichi, umewekewa karanga au haukuwekewa, na magadi yalikuwa kiasi gani.

Riwaya yangu iko "zamani". Lazima nichague mwaka?

Lazima, hata kama hutauandika mahali popote kitabuni. Usipouchagua, vitu vya miaka 3 tofauti vitaingia sura moja na msomaji mwenye umri ataweka kitabu chini. Haya ndiyo yanayokosewa zaidi.

Klabu ya Simba haikuitwa Simba kabla ya 1971. Ilikuwa Sunderland. Babu wa mwaka 1968 anayeshangilia "Simba" barazani Majengo amepotea. Kadi ya njano na nyekundu zilianzishwa kwenye Kombe la Dunia la 1970, na viwanja vya vijijini viliendelea muda mrefu na refa mwenye kipenga na kidole tu. Kipa alikuwa na ruhusa ya kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na beki wake mpaka 1992. Kwa hiyo katika mechi ya 1986, timu inayoongoza bao moja inaweza kuchelewesha muda mchana kutwa kwa kumrudishia kipa, na watazamaji wakazomea. Ni tukio zuri sana la kuandika, na waandishi vijana hulikosa kwa kuwa hawajui kama liliwezekana. Pointi 3 kwa ushindi nazo ni za karibuni: Uingereza walianza 1981, Kombe la Dunia likafuata 1994. Kabla ya hapo hesabu ya kawaida ilikuwa pointi 2 kwa ushindi na 1 kwa sare, na msimamo wa ligi ukiuchora kitabuni lazima ujumlishwe hivyo.

Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Kabla yake mpira mkubwa ulisikilizwa Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wamezunguka redio moja yenye betri zilizoanikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya dakika 90. Taifa Stars walipokwenda Nigeria kwenye fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, kijiji cha Bahi kiliwafuata kwa masikio. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, basi mhusika wako wa 1991 akitaka kujua timu pinzani imefika au la, atume mtoto mwenye baiskeli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa: sukari, sabuni, nguo, na vifaa vya michezo vikiwemo. Jezi ziligawanywa na kufuliwa kwa majani au majivu pale sabuni ilipokosekana. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa 1983, na Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Mechi unayoiweka wiki hiyo haiwezi kuwa na shamrashamra.

Kwa upande wa mji: uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka huohuo ikaja kuvunjwa 2017. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, kwa hiyo winga wako wa 1999 hawezi kuwa mwanafunzi wa UDOM. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018.

Mpira wenyewe ulikuwaje?

Inategemea nani anacheza. Mpira wa timu ya kijiji miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa wa ngozi, vipande vimeshonwa kwa mkono, ndani una tyubu ya mpira yenye mdomo mrefu. Tyubu ilijazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, mdomo ukakunjwa na kufungwa kwa uzi, ukasukumwa ndani, kisha pengo likafungwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Fundo la kamba hiyo ndilo lililowachana mapaji ya nyuso waliopiga kichwa. Mchezaji mzoefu aliangalia kamba iko upande gani kabla ya kuruka. Dodoma ni kukavu, na ngozi isipopakwa mafuta ya mnyama hukakamaa na kupasuka kwenye mishono.

Adui mkubwa hapa kwetu ni mbigili. Mwiba wake una ncha ngumu zinazoelekea juu hata uangukeje, hupenya ngozi iliyochakaa na kufika kwenye tyubu. Mechi husimama, fundi baiskeli huitwa na solusheni yake, tyubu huzamishwa kwenye karai la maji mpaka mapovu yaoneshe tundu, pakakwaruzwa kwa kipande cha bati, kiraka kikabandikwa na kukandamizwa. Ni dakika 20 hadi 30, na katika riwaya ni dakika za dhahabu. Ndipo fitina hupangwa na mamluki kutoka kijiji cha pili kujulikana.

Watoto walicheza chandimu kwa mpira wa soksi. Unaanza na bonge la vitambaa au sponji ya godoro kuukuu la ukubwa wa ngumi. Sponji hudunda, kitambaa peke yake hakidundi. Unazungushia matambara mpaka upana wa shubiri, unatia ndani ya soksi, unaipotoa shingo na kuigeuza juu yake tena, halafu unafunga kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa. Vipande vipishane kila upande. Vikikazwa upande mmoja, mpira huwa yai na hukimbilia pembeni. Toka miaka ya 1990 mifuko ya rambo ilishika nafasi ya matambara, na tangu katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 nayo ni ya kutafuta. Kosa moja tunaliona mara nyingi katika miswada: mpira wa majani ya migomba. Huo ni wa kwenye migomba. Dodoma kuna nyuzi za magome ya mbuyu na kamba za katani.

Uwanja niuelezeje bila kuchosha?

Kwa vitu vitatu: mstari, upepo na jua. Uwanja wa mita 100 kwa 60 ukichorwa mistari yake yote unadai zaidi ya mita 600 za chokaa au majivu, na hakuna kijiji kinachopoteza majivu kiasi hicho. Kwa hiyo huchorwa mstari wa goli na boksi, basi, na kipindi cha pili majivu yameshapeperuka. Ndiyo maana ugomvi wa penalti hauishi. Goli la kanuni ni mita 7.32 kwa 2.44. Mchangani hupimwa kwa hatua 8 za mtu mrefu, na kama timu mwenyeji ina kipa mfupi, mtu mfupi ndiye anayepima.

Mashindano mengi huanza mavuno yakishaingia ghalani, kati ya Juni na Septemba, na hiyo ndiyo miezi ya upepo. Upepo wa kiangazi cha Dodoma unabeba vumbi na unabeba krosi. Nahodha anayeshinda shilingi huchagua upande kwanza, na msomaji wa hapa atamwona mjinga nahodha wako akichagua mpira. Jua nalo: mechi ya saa 10 jioni huisha karibu na saa 12, na kipa aliyetazama magharibi dakika 20 za mwisho anaona vivuli tu. Bao la namna hiyo halihitaji uchawi.

Kamati ya ufundi je? Niiandike?

Iandike, kwa heshima. Kila mtu aliyekulia mchangani anajua maana ya "ufundi" huo, yaani uganga wa mpira: kuingia uwanjani kwa kuruka ukuta au kwa kinyumenyume, kukataa chumba cha kubadilishia nguo, yai lililofukiwa golini. Kinachoharibu ni mwandishi kuwacheka watu wake, au kugeuza riwaya ikawa ya mazingaombwe. Mwache mganga awe na bei, awe na masharti, na acha matokeo yaelezeke kwa njia mbili. Kipa aliyeambiwa asivuke mstari fulani atacheza vibaya kwa sababu ya sharti lenyewe. Huko ndiko riwaya iliko.

Mechi moja ichukue kurasa ngapi?

Sita hadi nane, na zisizidi mechi 3 kubwa katika kitabu kizima. Usisimulie dakika 90. Chagua nyakati chache, na kati ya hizo geuka uwatazame watu wa pembeni. Dondoo moja ya lugha: wachezaji wa mchangani huitana kwa namba za nafasi. Namba 2 na 3 ni mabeki wa pembeni, 5 ni sentahafu, 7 na 11 ni mawinga, 9 ni mfungaji. Anayesema "beki wa kati wa kushoto" katika riwaya ya 1978 anaongea kama mtangazaji wa leo. Wazee walisema daluga, siyo njumu, na aliyestaafu alitundika daluga. Mtambaa panya, tobo, kanzu, danadana, matuta, kuotea: tumia yale yanayolingana na umri wa msemaji, wala usiyafafanue. Msomaji wako anayajua.

Naruhusiwa kutumia majina halisi ya timu na watu?

Timu kubwa, viwanja kama Jamhuri, na matukio ya wazi unaweza kuyataja mradi ni ya kweli. Mtu wa kijijini aliyewahi kuuza mechi, hapana, hata kama kijiji kizima kinajua. Badili jina, badili nafasi yake uwanjani, badili na kazi yake. Kubadili jina peke yake hakutoshi, kwa sababu "golikipa fundi cherehani wa Kikombo" ni mtu mmoja tu.

Katika riwaya timu inashinda mbuzi. Tukio la kula niliandikeje?

Kwanza, saa. Waandishi wengi hupuliza kipenga cha mwisho saa 12 na kuilisha timu saa 12 na robo. Mbuzi hachinjiki, hachuniki na haivi kwa robo saa. Kuchinja na kuchuna ni dakika 40 kwa mikono iliyozoea. Maini na figo hubanikwa papo hapo na hao wachunaji, ndiyo haki yao. Nyama ya kuchoma inataka saa moja na nusu juu ya makaa yasiyo na moto wa kurukaruka, na supu ya utumbo na kichwa ni ya usiku au ya kesho asubuhi. Timu inakula saa 3 usiku. Katikati hapo kuna saa 3 za maneno, na mwandishi mzuri anazihitaji.

Pili, hesabu. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama na mifupa kilo 11 au 12. Wachezaji, viongozi na wapambe wakifika 30, kila mmoja anapata gramu 400 au pungufu, pamoja na mfupa. Mbuzi hatoshi, na kutotosha kwake ni kisa: nani kapewa paja, nani kapewa shingo. Ugali wa watu hao ni unga kilo 6 au 7 na maji kama lita 15. Sufuria moja haiwezi kuusonga vizuri, kwa hiyo waweke akina mama wawili na masufuria mawili.

Tatu, mchinjaji. Katika kijiji chenye dini mchanganyiko huitwa Mwislamu achinje ili wote wale. Ukiliandika jambo hilo kwa sentensi moja tu, umeeleza ujirani mzima.

Nahamia kwenye kitabu cha safari. Nianzie wapi, na miezi gani?

Kanda ya Kati ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kalenda ya chakula imefungwa hapo. Mboga mbichi za porini ni za Januari hadi Machi. Zabibu huvunwa mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Uwele na mtama mpya huingia baada ya mvua kukatika, na ubuyu na ukwaju ni vya kiangazi. Ukienda safari moja tu, nenda Agosti: zabibu ziko mashambani, maghala yana nafaka, na mashindano ya mpira yanaendelea. Kama una safari mbili, ongeza Februari.

Njia nzuri ni ya petali, Dodoma ikiwa kitovu. Mashariki kuna Kibaigwa na soko lake la mahindi, halafu Kongwa ambako Waingereza walijaribu mradi wa karanga kuanzia 1947 ukawashinda, na ardhi ile bado inasimulia. Kisha Mpwapwa ya mifugo. Kusini kuna Mtera, perege na kambale wa bwawani. Magharibi fuata reli ya zamani, iliyofika Dodoma 1910: Bahi ya mpunga, Kintinku, Saranda, Manyoni ya asali, hadi Singida ya alizeti na kuku wa kienyeji. Kaskazini ni Kondoa na ufuta wake, na michoro ya miambani ya Kolo iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Usiache treni. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na madirisha yake hayafunguki. Chakula cha dirishani, kuku amefungwa kwenye karatasi akipokezanwa na noti wakati behewa limeanza kusogea, kiko kwenye reli ya zamani tu. Kiandike sasa.

Wapishi hawapimi. Nipateje vipimo?

Usimwombe apime. Atabadilika mkono. Pima wewe bila kumkatiza: chukua mzani wa jikoni wa betri, pima bakuli la unga kabla hajaanza na baada ya kumaliza, tofauti ndiyo kipimo. Maji vilevile, kwa jagi lenye alama. Pika naye mara 3 siku tofauti, chukua wastani, kisha kapike peke yako.

Vipimo vya sokoni navyo vina mitego. Pishi ni vibaba 4. Sado ni kopo la rangi la lita 4. Debe ni lita 20, lakini ni ujazo, siyo uzito: debe la mahindi makavu likikatwa juu kwa ubao ni karibu kilo 15, likijazwa kilele linafika 17 au 18. Fungu la nyanya halina kipimo chochote, linafuata msimu na sura ya mnunuzi. Kitabuni toa gramu na mililita, na neno la sokoni pembeni yake. Kikombe kiwe mililita 250, kijiko cha chakula 15, cha chai 5, na useme hivyo ukurasa wa mwanzo.

Nilipika makande kwa muda ule ule Dar es Salaam yakarojeka. Kwa nini?

Kimo. Mji wa Dodoma uko yapata mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye joto la takribani nyuzi 96 badala ya 100. Maharage na mahindi ya saa 2 na nusu Dodoma yanaweza kuiva mapema zaidi pwani. Andika umepikia wapi, na toa dalili ya kuiva pamoja na muda: "harage likibonyezwa kwa vidole viwili lisambaratike bila kiini kigumu". Umri wa maharage nao huchangia, ya mwaka jana hukawia hata yakilowekwa.

Mlenda wangu hauvutiki, au unanuka sabuni.

Hili linaulizwa kuliko yote, na mlenda ndio moyo wa chungu cha Mgogo, basi tulijibu taratibu. Kwa watu 4: maji mililita 500 yachemke, tia magadi robo kijiko cha chai yaliyosagwa, kisha nyunyiza vijiko 3 vya chakula vya mlenda mkavu uliotwangwa huku ukipekecha kwa upekecho. Punguza moto. Usifunike. Povu lake hupanda ghafla na kuzima jiko. Baada ya dakika 5 tia karanga zilizosagwa vijiko 2 zilizokorogwa na maji kidogo, chumvi, na uache dakika 8 hadi 10, ukipekecha kila baada ya muda.

Usipovutika, tafuta tindikali. Nyanya au ndimu zikiingia mapema hukata utelezi, kwa hiyo anayetaka nyanya azikaange pembeni na kuziongeza mwisho, chache. Ukinuka sabuni, magadi yamezidi. Hayaondoleki, unaweza tu kuongeza maji na mlenda mwingine. Ukiwa na mchanga, majani hayakupepetwa vizuri baada ya kuanikwa, na hapa kwenye upepo ni kazi ya kila mara: anika juu ya mkeka ulioinuliwa, siyo chini. Uache chungu kitulie dakika 3 na usifike chini na upawa.

Unga wa uwele umekuwa mchungu. Umechachuka?

Umeingia ukale. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na ukishasagwa mafuta hayo huharibika ndani ya siku chache hadi wiki mbili, joto likiharakisha. Saga wa wiki moja tu, hifadhi nafaka nzima. Mtama mwekundu ni jambo jingine: uchungu wake uko kwenye ganda, hupungua ukikobolewa. Na ugali wa nafaka hizi hauna mnato wa sembe, anza na uji wa unga robo ya kipimo, uchemke dakika 5, ndipo usonge. Ukimwaga unga wote kwenye maji ya moto unapata mabuja.

Kigogo nitumie kiasi gani?

Kidogo na sahihi. Salamu ya "mbukwenyi" mlangoni, jina la ilende kwa mlenda, inatosha kuuweka mji mahali pake. Ukiandika Warangi, Wanyaturu au Wasandawe, mpe mzungumzaji wa lugha hiyo asome kila neno. Usimfanye mtu wa Kondoa aamkie Kigogo.

Picha?

Omba ruhusa kabla, na kwa mtoto mwombe mzazi. Chakula kipige saa 3 asubuhi au saa 10 jioni kivulini, kwa sababu jua la mchana la Dodoma huchoma rangi nyeupe yote ya ugali. Kwa uchapaji unahitaji nukta 300 kwa inchi: picha ya upana wa sentimita 15 iwe na pikseli zisizopungua 1,770. Picha iliyopitia mtandao wa kutumiana ujumbe imeshapunguzwa, chukua ile ya asili. Na tazama nakala ya majaribio kwa karatasi, siyo kwa kioo. Kijani cha mlenda hufifia kuelekea kahawia rangi zinapobadilishwa kwenda za mashine, na msomaji hatakipika kitu cha rangi ya tope.

Uchapaji na haki.

Riwaya ya maneno 45,000 kwa ukubwa wa A5, maneno 300 kwa ukurasa, ni kurasa 150. Lenga 160, kwa kuwa karatasi hukunjwa kwa kurasa 16, na za ziada ni za jina, haki na shukrani. Kwa karatasi ya gramu 80 mgongo unakuwa karibu milimita 8, mpe mchora jalada kipimo hicho mapema. Kitabu cha mapishi kishonwe, kisigundishwe tu: gundi ya mgongo hukauka na kukatika jikoni, na kitabu kisichokaa wazi mezani hakipikiwi. Karatasi isiyong'aa ya gramu 130 inatosha. Ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa machoni.

Namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na vitabu vingi vya hapa hubeba 9976 au 9987 baada ya 978. Haki za mwandishi zinalindwa na sheria ya 1999 maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Orodha ya viungo haina mwenyewe, lakini maelezo ya namna ya kupika, kama ulivyoyaandika kwa maneno yako, ni yako. Aliyekupa mapishi mtaje kwa jina akikubali, na mpelekee nakala.

Mswada umekamilika. Asome nani kwanza?

Wawili. Mzee aliyecheza kwenye miaka uliyoichagua, umsomee kwa sauti sura za mechi na umwangalie uso anapokunja kipaji, hapo weka alama. Na mtu asiyejua kupika mlenda, mpe mapishi na viungo, kaa kimya jikoni, na uandike kila mahali anapokuuliza swali.